Dola 40 kwa Wiki

Katika riwaya moja ya Kimarekani, tajiri Jay Gatsby akishauawa, baba yake mzazi anafunga safari kutoka Minnesota kuja kumzika. Ni mzee mnyonge aliyevaa koti la bei rahisi, na habari za msiba amezisoma kwenye gazeti la Chicago. Mfukoni ana picha ya jumba la mwanawe, imechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Halafu anatoa kitabu cha zamani cha hadithi, alichokuwa akikisoma kijana wake, na kufungua ukurasa wa mwisho kabisa. Hapo mtoto huyo, ambaye wakati huo bado aliitwa James Gatz, aliandika ratiba yake kwa mkono, tarehe 12 Septemba 1906. Kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Mazoezi ya viungo. Kusoma mambo ya umeme. Kazi tangu saa mbili na nusu hadi saa kumi na nusu. Kujifunza kusema vizuri na kujiheshimu mbele za watu. Usiku, kufikiria uvumbuzi unaohitajika. Chini ya ratiba kuna maazimio: kuacha sigara, kusoma kitabu kimoja chenye faida kila wiki, kuwatendea wazazi vyema zaidi. Na kuweka akiba ya dola 5 kwa wiki. Ila hiyo 5 imekatwa kwa mstari, pembeni ikaandikwa 3.

Wengi wanaikumbuka riwaya hii ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, iliyotoka mwaka 1925, kwa karamu zake, magari yake, na ile taa ya kijani ng'ambo ya maji. Mimi naikumbuka kwa hiyo 5 iliyokatwa. Ni mkono wa mtoto aliyekaa akapiga hesabu kwa uaminifu, akaona dola 5 hazitawezekana, akajishusha hadi 3 badala ya kujidanganya. Mtoto wa hivyo sisi tungempeleka mbele ya gwaride siku ya kufunga shule apewe zawadi.

Na ratiba hiyo hakuitunga kichwani mwake. Ilitoka kwenye kile kinachoitwa leo Ndoto ya Marekani, ahadi kwamba ukijitahidi utapata. Benjamin Franklin, mtoto wa mtengenezaji mishumaa na sabuni wa Boston, aliweka ratiba kama hiyo kwenye kitabu cha maisha yake: kuamka saa kumi na moja alfajiri na kujiuliza atafanya jema gani siku hiyo. Karne iliyofuata akaja Horatio Alger na hadithi zake za vijana wa mitaani wa New York wanaoinuka kwa bidii na unyofu. Ukizisoma kwa makini utaona jambo ambalo wasomaji wake wengi walilipita haraka. Katika Ragged Dick ya mwaka 1868, bidii peke yake haimtoi yule mpiga viatu rangi. Kinachomtoa ni kwamba mtoto wa tajiri anatumbukia majini mbele ya macho yake, anamwokoa, na baba wa mtoto anampa kazi ya ukarani. Mtoto asingetumbukia, sijui hadithi ingeishaje.

Gatsby alifanya yote aliyoandika, na zaidi. Pesa akazipata, nyingi ajabu, sehemu kubwa kwa kuuza pombe kimagendo miaka ile ya marufuku. Kisha siku moja ya joto kali, katika chumba cha hoteli ya Plaza, Tom Buchanan, mume wa Daisy, mwanamke ambaye Gatsby anampenda, anammaliza kwa maneno machache tu. Tom hana ratiba ya aina yoyote. Alizaliwa tajiri, akahamia mashariki na farasi wake wa polo. Anachofanya ni kutaja mbele ya Daisy pesa za Gatsby zimetoka wapi, na Daisy anaanza kurudi nyuma. Pesa za Tom hakuna anayeuliza zilitoka wapi. Watu watatu wanakufa katika riwaya hiyo: Gatsby, Myrtle aliyekuwa hawara wa Tom, na mume wa Myrtle, fundi wa gereji kwenye lile bonde la majivu. Wote watatu walikuwa wanajaribu kupanda. Tom na Daisy wanafunga mizigo na kuondoka, hata mazishini hawafiki.

Jina lenyewe la Ndoto ya Marekani lilienea baadaye, mwaka 1931, kupitia kitabu cha mwanahistoria James Truslow Adams, The Epic of America. Tazama mwaka huo. Mabenki yalikuwa yanafungwa, wanaume wamepanga foleni ya mkate. Na Adams aliandika wazi kwamba ndoto hiyo si ya magari na mishahara minono tu. Alikuwa anazungumzia jamii ambamo kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, anafikia kimo chake chote bila kujali alizaliwa wapi au na nani. Nukta hiyo ya kuzaliwa imesahaulika kabisa. Yamebaki magari.

Kinachoniuma kuliko Gatsby ni tamthilia ya Arthur Miller, Death of a Salesman, iliyopanda jukwaani New York Februari 1949. Willy Loman ana miaka 63. Ni muuzaji wa kampuni, anaendesha gari kutoka Brooklyn hadi miji ya New England na mabegi mawili ya sampuli. Anauza nini hasa, Miller hatuambii. Amechoka. Macho yanamtoka barabarani, gari linahama njia. Anaamua kwenda kwa bosi wake, Howard, amwombe kazi ya ofisini pale New York asisafiri tena.

Howard ni kijana. Baba yake ndiye aliyemwajiri Willy, na Howard alipozaliwa Willy aliulizwa maoni yake juu ya jina la mtoto. Sasa mtoto huyo amekaa kwenye kiti cha bosi, anachezea mashine mpya ya kurekodi sauti. Anamlazimisha Willy asikilize: binti yake anapiga mluzi, mwanawe anakariri miji mikuu ya majimbo kwa mpangilio wa alfabeti. Willy anasubiri. Anaisifu mashine. Anasema na yeye atanunua moja. Hatimaye anapata nafasi ya kusema shida yake, na anasema dola 65 kwa wiki zitamtosha. Howard anasema hana pa kumweka. Willy anasema hata 50. Howard anatafuta namna ya kumtoa ofisini. Willy anasema 40, dola 40 tu, hahitaji zaidi.

Hakuna aliyemwambia ashushe. Howard hakutaja bei hata mara moja. Mzee huyu anashindana bei na nafsi yake mwenyewe, mbele ya kijana ambaye hasikilizi, na mwisho wake anafukuzwa kazi kabisa. Anajaribu kusema kwamba mtu si chungwa, umle nyama kisha utupe ganda. Howard ana wageni wanamsubiri.

Sasa angalia hasira yake inaelekea wapi. Mtu angetarajia imwelekee Howard, au kampuni iliyokula zaidi ya miaka 30 ya maisha yake. Willy anakwenda ofisini kwa jirani yake Charley, ambaye amekuwa akimkopesha dola 50 kila wiki ili mkewe adhani bado analeta mshahara. Hapo anamkuta Bernard, mtoto wa Charley, aliyekuwa akichekwa na wana wa Willy kwa kuwa mtu wa vitabu. Sasa ni mwanasheria, yuko njiani kwenda kusimama mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Willy anamuuliza siri ni nini. Kwa nini wewe umeweza na Biff, mwanangu, hakuweza? Ameshafukuzwa, hana senti, na bado anaamini ipo siri ambayo wengine waliambiwa na yeye hakuisikia vizuri.

Hapo ndipo naona ubaya wa ndoto hii ulipo. Kwamba si wote wanaofanikiwa, hilo ni la dunia nzima. Hata sisi tunajua mgaagaa na upwa wapo waliogaagaa hadi jioni wakala wali mkavu. Ubaya ni kwamba ahadi ya kwanza, jitahidi utapata, imezaa ya pili isiyotamkwa: hukupata, basi hukujitahidi. Mtu anapigwa na soko, na uzee, na mwajiri, kisha anajigeuzia fimbo na kujimalizia mwenyewe. Willy alijimaliza kwelikweli, kwa gari, ili Biff apate dola 20,000 za bima. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba baada ya barabara zote na treni zote, thamani yake akiwa maiti ni kubwa kuliko akiwa hai. Siku ya mazishi mkewe Linda anamwambia kaburini kwamba leo amelipa deni la mwisho la nyumba.

Biff peke yake ndiye aliyeona. Anamwambia baba yake kwamba yeye ni mtu wa dola moja kwa saa, amejaribu majimbo saba na haikupanda. Anataka tu aachwe awe mtu wa kawaida. Baba yake anaisikia kauli hiyo kama tusi.

Kuna jambo katika tamthilia hii ambalo, nikiwa Mwafrika, siwezi kuliruka. Willy ana kaka, Ben, anayemtokea akilini kila akizidiwa. Ben alikuwa anaelekea Alaska akapotea njia, akajikuta Afrika. Aliingia msituni ana miaka 17, akatoka ana 21, tayari tajiri. Almasi. Ndiye kielelezo cha Willy cha mtu aliyefaulu kwa ujasiri wake mwenyewe. Waliochimba almasi hizo hawatajwi kwa neno hata moja. Willy hajui kama walikuwepo, na sidhani kama Ben anawakumbuka. Kila mara ninapofika kwenye maneno hayo ya Ben nawafikiria watu hao, na mishahara yao, na kama kuna aliyewahi kuwaambia nao kwamba hawakujitahidi.

Nayaandika haya nikiwa na mtu wangu kule. Binamu yangu alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Kenya. Akapata viza kwa ile bahati nasibu iliyoanzishwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1990, ambayo ilikuwa ikigawa viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Fomu ilijazwa saiba, picha ikapigwa hapohapo ukutani. Jina lake lilitoka kwa kura ya kompyuta. Ukoo ukafanya harambee ya nauli, shangazi akauza ng'ombe wa maziwa, na watu wakasimama mmoja mmoja kusema kwamba tulijua, huyu tangu utotoni alikuwa na bidii.

Sasa anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Minnesota. Anawageuza vitandani, anawaogesha, anawalisha. Vyeti vyake vya ualimu viko kwenye bahasha. Kwa miaka mingi hakurudi. Mama yake alipofariki aliangalia mazishi kwa simu, mmoja wetu ameishika juu ili aone kaburi. Sababu aliyoitoa ilikuwa ni kazi. Sababu ya kweli aliniambia baadaye sana, kwa shida: hakuwa na cha kuja nacho. Alijua atashuka uwanja wa ndege na watu watatazama masanduku kabla ya kumtazama yeye. Alikuwa akisema "nitakuja nikijipanga", na sisi huku tukisema "wenzake aliokwenda nao wamejenga". Mambo haya tuliyasema kwa mapenzi, tukiamini tunamtia moyo. Ukoo mzima ulikuwa umekaa kwenye kiti cha Howard.

John Steinbeck aliyaona haya kutoka shambani. Katika The Grapes of Wrath ya mwaka 1939, akina Joad wanatoka Oklahoma kwenda California wakishika karatasi ya tangazo la kazi, na njiani mtu anawaeleza inavyokwenda: mwenye shamba anahitaji wachumaji 800, anachapisha karatasi 5,000, watu 20,000 wanaziona. Wakifika wote kwa pamoja, bei ya kibarua inajishusha yenyewe. Miaka miwili kabla yake alikuwa ameandika Of Mice and Men, na humo yumo mtu ninayempenda kuliko wote, Crooks, mtunza farasi mweusi anayelala peke yake zizini kwa sababu weupe hawamtaki kwenye bweni lao. Lennie, kibarua mwenzake, anapomweleza shamba ambalo yeye na rafiki yake watanunua, Crooks anasema ameona mamia ya watu wakipita na shamba kama hilo kichwani na hakuna hata mmoja aliyelipata. Kisha, kwa dakika chache, na yeye anavutika, anaomba aje kulima bila malipo. Mke wa Curley, mtoto wa bosi, anaingia na kumkumbusha kwamba akitaka anaweza kumfanya atundikwe mtini. Crooks analiondoa ombi lake mezani. Tofauti yake na Willy ni kubwa: Crooks hajiulizi siri ni nini. Ukuta anaujua, umejengwa na nani anajua, na hajawahi kudhani ni tabia yake mbaya.

Ndiyo maana kazi ninayoirudia mara nyingi zaidi ni ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, iliyofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, Machi 1959, tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi kuchezwa huko. Familia ya Younger inaishi South Side ya Chicago, choo wanatumia na majirani, mtoto Travis analala kwenye kochi sebuleni. Baba amekufa, bima imeleta dola 10,000. Mama, Lena, analipa 3,500 za mwanzo kwa nyumba yenye kiwanja kidogo katika mtaa wa weupe, si kwa kuwapenda weupe, bali kwa sababu nyumba zinazojengwa mbali kwa ajili ya weusi bei yake ni kama mara mbili. Zilizobaki anampa mwanawe Walter, dereva wa tajiri, na sehemu yake ni ada ya udaktari ya dada yake. Walter anazitia zote kwenye biashara ya duka la pombe na rafiki ambaye anatoroka nazo.

Na kabla habari hiyo haijafika nyumbani, anabisha hodi bwana Lindner, mpole, kofia mkononi, kutoka kwenye chama cha wakazi wa mtaa ule mpya. Hatukani mtu. Anasema wakazi wamechangishana, wako tayari kuinunua nyumba hiyo kwa bei ya faida kwa familia, ili mradi wasihamie.

Hansberry hakubuni. Mwaka 1937 baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba katika mtaa wa Chicago ambako wamiliki walikuwa wametia sahihi mkataba wa kutowauzia wala kuwapangisha weusi. Lorraine alikuwa na miaka kama saba. Kundi la watu likaizingira nyumba, tofali likarushwa ndani likamkosa kidogo. Aliandika baadaye jinsi mama yake alivyolinda nyumba usiku na bastola iliyojaa risasi wakati baba yuko kwenye kesi. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na Novemba 1940 akashinda, lakini kwa hoja ya utaratibu tu. Mikataba yenyewe haikuguswa hadi mwaka 1948, mahakama ilipokataza isitekelezwe na mahakama yoyote. Carl Hansberry hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1946 huko Mexico, alikokuwa anapanga kuhamishia familia.

Na mikataba ilikuwa nusu ya ukuta. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji kwa rangi: kijani mitaa bora, nyekundu ya hatari. Walikoishi weusi palipakwa nyekundu, na kutoka hapo mkopo nafuu wenye dhamana ya serikali ulikuwa shida kuupata. Vita vilipokwisha, mitaa mizima mipya kama Levittown ya New York iliuzwa kwa weupe pekee. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilitiwa sahihi Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Kwa familia nyingi za Marekani nyumba ndiyo mali, ndiyo dhamana ya mkopo, ndiyo ada ya chuo cha mtoto. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba wengine walishindwa kupanda, mimi nauliza kwanza babu yake aliishi mtaa wa rangi gani.

Walter anaamua kupokea pesa za Lindner. Anafanya hata mazoezi ya kupiga magoti, mbele ya mama yake na mkewe, na hizo ni dakika ngumu kuzitazama. Lakini Lindner anapofika, mama anakataa Travis atolewe chumbani. Amtazame baba yake. Walter anaanza kusema akigugumia kwamba sisi ni watu wa kawaida, baba yetu aliipata nyumba hii kwa jasho lake, na tutahamia. Amepoteza pesa kwa ujinga wake, na hilo halimfutiki. Ila hakubali kwamba kwa sababu hiyo nyumba si haki yake. Willy Loman angepona kama angeweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Walter wa kwanza jukwaani alikuwa Sidney Poitier. Mwaka huohuo wa 1959 Poitier, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, alitia sahihi barua ya kuomba michango ili vijana wa Afrika Mashariki wapate nauli ya kwenda kusoma Marekani, ule mpango wa Tom Mboya. Septemba ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, hadi Kansas. Waliochanga walijua vizuri kuliko mtu yeyote nchi hiyo inawafanyia nini watu weusi, na bado walitaka vijana hawa wapate walichoweza kupata huko. Naliheshimu sana hilo. Sisemi watu wasiende.

Ila nchi yenyewe imebadilika hata kwa wenyeji wake. Wanauchumi wakiongozwa na Raj Chetty walipima: kati ya Wamarekani waliozaliwa 1940, kama 90 kwa mia walikuja kupata kipato kikubwa kuliko wazazi wao. Kwa waliozaliwa miaka ya 1980, ni kama 50 kwa mia. Hawa ni watu waliozaliwa palepale, kwa lugha yao, na vyeti vyao vinatambuliwa.

Nilimtumia binamu yangu takwimu hizo. Tukaanza kuzungumza juu ya vitu ambavyo hatukuwahi kuvigusa: analipwa kiasi gani kwa saa, kodi ya chumba, bima inakata ngapi, anatuma ngapi nyumbani. Simuulizi tena anarudi lini. Kikao cha ukoo cha Desemba nimeomba tuweke ajenda moja, tumchangie nauli ya kuja na kurudi, aje mikono mitupu, alale kwao, aone kaburi la mama yake. Shangazi aliyeuza ng'ombe amekubali, na vijana kadhaa wako nami. Mjomba mkubwa amekataa hadi sasa. Anauliza, na anauliza kwa dhati, kwa nini mtu aliyeko Marekani achangiwe na watu walioko hapa.